Jigi ya Safari ya Saroj

Saroj alipofika kijijini Zuzu alasiri ile hakubisha hodi. Alisimama mlangoni mwa karakana, pindo la sari amelikaza kiunoni kama mtu anayekwenda kupalilia, kikapu cha vipande vya mizabibu mikavu kinamning'inia mkononi, akalitoa neno ambalo Kefa alikuwa akilikimbia tangu mvua zikatike.

"Tiketi imekatwa, fundi."

Kefa alikuwa ameinamia mashine ya msasa. Hakugeuka. Bahati mbaya mashine ilikuwa imezimwa. Ingekuwa inawaka angepata kisingizio cha kutosikia. Ikiwaka ile mashine, Zuzu nzima ilikuwa na kisingizio. Kefa aliwahi kuapa mbele ya mchungaji kwamba mtikisiko wake uliwafanya kuku wa jirani watage mayai yaliyokwisha kukorogwa, ikabaki kazi ya kutia chumvi tu.

"Ya lini?"

"Kesho asubuhi. Treni mpaka Dar, halafu ndege."

"Kwetu watu husalimiana kwanza, Mama Jiten."

"Mbukwa."

"Mbukwa," aliitika Kefa, ndipo akageuka. Na alipogeuka akajuta. Nywele za mvi zimesukwa mkia mmoja, miwani imeteleza puani, na yale macho. Saroj alikuwa na tabia ya kumtazama mtu kama mwenye duka anavyoitazama sarafu asiyoielewa: bila haraka, upande huu na upande ule.

Alizaliwa Mpwapwa, dukani kwa baba yake, na Kigogo alikijua kabla hajajua kujifunga sari. Mumewe alipofariki alibaki na mwanawe Jiten na duka lao la vifaa vya ujenzi mjini Dodoma. Siku moja alimletea Kefa msasa aliouagiza, akamkuta anakereza kalamu kwa mti wa mzabibu uliokufa, akaomba afundishwe. Tangu hapo kila Alhamisi alikuja. Mjini walisema anajiliwaza msiba. Zuzu walisema wanavyosema watu wa Zuzu. Kefa naye alikuwa mgane, fundi mstaafu wa mabehewa ya reli, mtu ambaye majirani waliiheshimu mikono yake na hawakuuamini hata kidogo mdomo wake.

"Nimekuja kukuomba kitu," Saroj alisema. "Nitengenezee jigi."

"Jigi ya nini?"

"Unajua ya nini."

Alijua. Kalamu ya mbao ina siri moja tu. Kipande kinatobolewa katikati, mrija wa shaba unatiwa gundi ndani yake, kisha ncha zake zinasagwa kwenye sahani ya msasa inayozunguka mpaka zilale sawasawa na mrija. Zisipolala sawa, kalamu ikifungwa inabaki na ufa, kama mdomo wa mtu aliyetaka kusema akaghairi. Na mzabibu ni mti mkorofi, umejipinda kila upande. Hakuna ubavu wake ulionyooka wa kupimia. Kazi nyingine zote Saroj alizimudu. Hiyo ya kusaga ncha ilikuwa ya Kefa. Alikishika kipande kwa vidole vyake, jicho moja amelifumba, akakisogeza. Kwa hiyo katika kila kalamu aliyowahi kuitengeneza Saroj, palikuwa na pumzi chache za Kefa.

"Jiten anasema nyumba ya Lesta ina gereji," aliendelea Saroj. "Meza inaenea. Mashine nitanunua huko huko. Lakini vidole vyako huko sitavipata."

"Utavipata. Uingereza wanauza kila kitu."

"Fundi."

"Haya, nimenyamaza."

"Nataka kitu cha kuishika kazi badala yako."

Neno hilo, badala yako, lilitua juu ya meza katikati yao, na hakuna aliyelinyanyua. Kefa akaenda kwenye rundo la mbao, akachagua kipande cha mninga kikavu, akakipangusa vumbi kwa kiganja.

"Shika upande huo," alisema.

Wakaanza. Chini ya mninga alipigilia ulimi mwembamba wa mbao, ule wa kuteleza ndani ya mfereji wa meza ya mashine, ili jigi iende mbele na kurudi nyuma tu, isiyumbe. Juu yake alipanga kufunga kibao kingine kilichosimama, na ndani ya kibao hicho kupenyeza fimbo ya chuma: shina la biti ya keekee lenye unene ule ule wa tundu la mrija. Ukivika kipande cha kalamu kwenye fimbo ile, mrija ndio unaoamua kipande kikae vipi, mbao ijipinde itakavyo. Ukikisukuma kwenye msasa, ncha itasagika sawa hata kama anayesukuma amefumba macho.

"Hata kama anayesukuma analia?" aliuliza Saroj.

"Hata hivyo."

Penseli ilimponyoka Saroj. Wakaiinamia wote wawili, mkono wa Saroj ukafika kwanza, wa Kefa ukaja juu yake. Haukuondoka upesi. Mikono ya wazee ina vituko. Inajifanya inakawia kwa sababu ya viungo kukaza.

"Ungekuwa binti wa Kigogo," alisema Kefa, bado ameinama, "ningekwenda kwa baba yako na ng'ombe."

"Wengi?"

"Zizi zima. Wengine ningewakopa."

"Ukatuletee ng'ombe sisi tusiokula nyama!" Saroj alicheka, miwani ikamtoka puani. "Mama yangu angewavisha mashada ya maua. Wangezeekea sebuleni, wasichinjwe wala wasiuzwe, na wewe ungeitwa kila asubuhi uje uwachotee maji."

"Ningekuja kuwachotea."

Kicheko kikaisha. Saroj aliinuka na penseli yake, akaangalia pembeni.

Simu yake ikaita. Alitoka nje kuongea na Jiten, na sauti yake ikawa ile ya mama: ndiyo mwanangu, nakaribia kumaliza, ndiyo sanduku nimelifunga. Ndani, Kefa alibaki na kibao, skrubu na bisibisi. Alitazama mlangoni. Akachana ukanda wa karatasi kwenye kifuko cha msasa, akauchomeka chini ya kibao upande mmoja, akakaza skrubu juu yake.

Unene wa karatasi ni nini? Hata nzi akiukanyaga hajui. Lakini fimbo ya chuma ilikuwa imeshapinda kidogo, na kila ncha itakayosagwa kwa jigi ile itakuwa imepinda vile vile, maisha yake yote. Kefa alikuwa ameshaiona safari nzima kichwani. Kalamu zitaacha ufa. Saroj atapiga simu. Yeye atasema, jambo hili siwezi kulitibu kwa simu, Mama Jiten, mpaka niione jigi kwa macho. Hapo akili yake ilimfikisha mpaka uwanja wa ndege, yeye na koti lake la harusi ya binti yake Ruthu, anasubiri ndege ishuke.

Saroj alirudi akipangusa uso kwa pindo la sari.

"Imekwisha?"

"Imekwisha. Jaribu."

Alichukua vipande viwili vilivyokwisha kutiwa mirija, akasaga ncha kimoja kimoja, Kefa amesimama nyuma yake mikono mfukoni. Mashine ilinguruma, kuku wa jirani wakatawanyika. Kisha Saroj akafanya jambo ambalo Kefa mwenyewe ndiye aliyemfundisha. Alivivika vipande vyote viwili kwenye fimbo moja nyembamba, ncha kwa ncha, akasimama mlangoni penye jua, akakizungusha kimoja taratibu.

Ncha zilizosagwa sawa hazipitishi mwanga, uzungushe mpaka kesho. Zilizopinda, zikizungushwa, kosa linajumlika mara mbili.

Kati ya vile vipande viwili likapita jua la Dodoma, jembamba na jeupe kama uzi.

"Kefa."

Hakuwahi kumwita hivyo. Siku zote alikuwa fundi.

"Labda macho yangu leo," Kefa alisema.

"Macho yako yanamwona nzi akisinzia juu ya mnara wa simu. Umeniambia mwenyewe."

"Huyo nzi nilimtia chumvi."

Saroj alichukua bisibisi, akalegeza skrubu, akainua kibao. Aliutazama ukanda wa karatasi, akauchukua kwa ncha za vidole, akaushika mkono wa Kefa, akaufungua, akauweka kiganjani mwake.

"Ulitaka nikakae ugenini na kalamu zisizofunga?"

"Nilitaka unipigie."

"Ningekupigia hata zikifunga!"

"Mwezi wa kwanza ungenipigia," alisema Kefa. "Halafu sikukuu. Halafu siku moja Jiten angenipigia yeye, aniambie kwa adabu zake zile, mzee Kefa pole sana, kuna taarifa..."

"Basi."

"Mimi nitaipokelea wapi taarifa hiyo, Saroj? Nimwambie nani pole? Nani ataniambia mimi?"

Alikuwa ameliita jina lake bila kujua. Saroj aliketi juu ya kigoda. Alisuka na kufumua ncha ya mkia wa nywele zake.

"Kwa nini hukusema?"

"Nasema sasa. Nakupenda."

"Na huu nao ni uongo wa kuku na mayai?"

"Siyo."

"Unakumbuka ile mvua iliyotufungia humu ndani, msiba wangu ulipokuwa umetimiza mwaka? Maji yalipita hapo mlangoni. Tulikaa hapa hapa. Nikakuuliza, fundi, watu wa umri wetu wanaogopa nini? Nilikuwa nimejiandaa wiki nzima kukuuliza hivyo, kwenye kioo. Ukanijibu nini?"

Kefa aliinamisha kichwa. "Fisi."

"Fisi! Fisi aliyepandia treni hapa Zuzu. Kakata tiketi ya daraja la pili, kavaa kofia, kamwita mkaguzi kumlalamikia kwamba kiti kinanuka mbuzi na mbuzi mwenyewe haonekani. Nilicheka, fundi. Nilicheka mpaka mvua ikakatika. Nikafika nyumbani nikalia usiku kucha. Jiten akasikia, akaniuliza, mama, ni jino? Nikasema ndiyo. Asubuhi akanipeleka likang'olewa."

"Jino gani?"

Saroj alivuta shavu kwa kidole akamwonyesha pengo. "Hili. Lilikuwa zima kabisa. Daktari alilitafuta tundu hakuliona. Nikamwambia ling'oe tu."

Kefa alitaka kucheka. Alifungua kinywa, na kilichotoka si kicheko. Mtu aliyeweza kumvisha fisi kofia alikaa mbele ya mwanamke yule, akikunja na kukunjua ule ukanda wa karatasi.

"Sema tena," Saroj alisema polepole. "Lile la mwanzo."

"Nakupenda, Saroj."

Alimtazama upande huu na upande ule.

"Sasa nimeamini," alisema. "Na haisaidii."

"Kwa nini isisaidie? Ubaki. Nyumba ipo. Sina makubwa, lakini..."

"Duka limeuzwa. Nyumba yetu wameshaingia wengine, nimelala kwa jirani kama mgeni. Mke wa Jiten na watoto wametangulia huko. Jiten ameniambia, mama, bila wewe sipandi ndege. Na hapandi kweli, namjua. Nikibaki, watoto wale watakua bila baba kwa sababu bibi yao alipenda. Na Ruthu wako?"

Ruthu alikuwa binti pekee wa Kefa, anakaa nyumba ya pili.

"Ruthu kasema neno moja tu," Kefa alisema. "Kasema, baba, ukimleta, mimi nitajua nimezika wazazi wote wawili."

"Unaona."

"Atazoea."

"Umewahi kumwona Mgogo akizoea? Wewe mwenyewe hujazoea simu." Alijaribu kutabasamu, pengo likaonekana, tabasamu likafa. "Ilikuwa siku ile ya mvua, Kefa. Siku ile Jiten alikuwa hajaoa. Duka lilikuwa letu. Ruthu alikuwa Mpwapwa chuoni, asingejua mpaka tumekwisha kuzoeana. Mlango ulikuwa wazi siku ile, na sisi tukamkalisha fisi hapo."

Nje upepo ulipita, ukasukuma vumbi mpaka kizingitini. Saroj alisimama, akaichukua jigi, akaiweka mbele yake.

"Ninyooshee. Kama nitarudi hapa, nirudi kwa miguu yangu. Sitaki kurudishwa na ufa."

"Utarudi?"

"Ninyooshee, fundi."

Kefa akaikunja ile karatasi, akaitupa kwenye maranda. Alipangusa chini ya kibao kwa ncha ya kidole, isibaki hata punje. Akaegemeza skwea ya kupimia pembe kwenye sahani ya msasa, akaileta fimbo ya chuma mpaka ikalalia skwea urefu wake wote, akakaza skrubu robo, akapima, akakaza, akapima tena. Miaka yote aliyofanya kazi mabehewani hakuwahi kunyoosha kitu kwa uangalifu kama ule, na hakuwahi kutaka kitu kipinde kama alivyotaka.

Saroj alisaga vipande vingine viwili. Akavivika ncha kwa ncha, akaenda mlangoni. Kefa akamfuata. Vichwa vyao vilikaribiana mpaka akasikia harufu ya mafuta ya nazi katika nywele zake. Saroj akazungusha. Akazungusha tena. Kati ya vipande viwili pakawa giza.

"Hakuna," Saroj alinong'ona.

"Hakuna."

Hakuna aliyesogea. Wangeweza kukaa vile mpaka jua lizame, mashavu hayagusani, wakitazama mahali ambapo mwanga haupiti. Honi ikalia barabarani.

Jiten alishuka garini amevaa shati jeupe, uso wake umechoka kwa safari ambayo haijaanza. Alikuwa kijana mwenye adabu, na hapo ndipo ilipokuwa shida yake. Angekuwa mkorofi, Kefa angepata wa kumchukia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu."

"Mama, tumechelewa. Wanakungoja kukuaga."

"Nisage ncha moja iliyobaki," Saroj alisema. "Peke yangu. Tokeni wote wawili."

Walitoka. Waliegemea gari, mzee na kijana, kama watu wanaosubiri habari mlangoni mwa wodi ya wazazi. Jiten alifuta vumbi kwenye kiatu chake, kisha kwenye kile kingine.

"Mzee, nakushukuru. Mama alikuwa amekwisha. Wewe ndiye uliyemrudisha."

"Jiten, nikuulize jambo. Ningekuja kwako, wewe kama mwanamume wa nyumba ile. Ningekuja na wazee wawili wa huku, tumevaa vizuri, nikasema namwomba mama yako. Ungenijibu nini?"

Jiten hakushtuka. Hilo ndilo lililomuumiza Kefa, kwamba kijana hakushtuka hata kidogo.

"Ningewakaribisha chai," alisema. "Ningewasikiliza mpaka mwisho. Halafu ningekuomba, mzee wangu, tuyaache yale maneno pale pale mezani, kama hayakusemwa. Ili niendelee kukuamkia."

"Ungekataa."

"Nisingekataa. Ningekuomba." Aliinamia tena viatu vyake. "Jino lile sikujua. Nilijua baadaye. Nilimsikia akimsimulia dada yake kwenye simu. Ningejua siku ile ile, labda, mzee. Labda. Sasa watoto wangu wako kule wanauliza bibi anakuja lini."

Kefa aliitikia kwa kichwa.

Ndani mashine ikawaka. Kuku wa jirani, ambao walikuwa wamerudi, wakakimbia tena. Msasa ukaanza kuila mbao ya mzabibu kwa sauti yake ya chini, nene, kama mtu anayesaga mtama mbali.

"Anajua aache saa ngapi?" Jiten aliuliza. "Si hatari?"

"Msasa ukiifikia shaba, sauti hubadilika. Inakuwa nyembamba. Ukiacha hapo, umepata. Ukiongeza pumzi moja mrija unafupika, kalamu haifai."

"Na yeye huisikia?"

"Hajawahi kuisikia peke yake. Siku zote mimi ndiye niliyeshika, na leo mimi ndiye niliyemwambia acha."

Walisikiliza. Sauti ile nene iliendelea, ikaendelea, na Kefa, bila kujua, alikuwa ameinua mkono wake wa kulia hewani, vidole vimekusanyika kama vimeshika kitu chembamba. Sauti ikakata kona, ikawa nyembamba. Kefa akafungua vidole.

Papo hapo mashine ikazimika.

Kefa alibaki na mkono wake juu, akiutazama mlango.

"Imekwisha?" Jiten aliuliza.

"Imekwisha."

Alingoja aitwe ndani akaitazame. Hakuitwa.